Bonyeza Moja Kukubali

FUNDI: Leo ni Jumatano, tarehe kumi na tisa, asubuhi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, mawingu yamekaa chini, upepo hakuna. Haya. Haloo, dawati la mafundi hapa. Naongea na nani?

MAMA: Haloo? Hivi nimepiga kwa mafundi au kwa watabiri wa mvua?

FUNDI: (anacheka kidogo) Kwa mafundi, mama. Simu zetu zinarekodiwa, na mkubwa anataka tuanze na tarehe na hali ya hewa. Mvua ikinyesha laini nyingi huleta kisirani, basi wanataka kujua kosa ni letu au la mawingu. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?

FUNDI: Sijalala, kwa hiyo hata kuamka sijaamka. Mwenzangu wa kunipokea zamu amekwama na hii mvua. Sema tu, nakusikia.

MAMA: Pole. Basi tumekutana wachovu wawili. Mimi nina simu ya mezani hapa nyumbani, ile ya zamani yenye waya wa kujikunja. Waya za nje zilipoondolewa tukaambiwa tununue kile kidude cha—

FUNDI: Adapta.

MAMA: Hicho hicho. Simu unachomeka huku, intaneti unachomeka huku, namba yako inabaki ile ile. Kinawaka taa, kinapumua vizuri tu.

FUNDI: Simu inalia?

MAMA: Inalia.

FUNDI: Mtu akiongea unamsikia?

MAMA: Kama yuko jikoni kwangu.

FUNDI: Sasa shida iko wapi, mama?

MAMA: Kwenye kitufe cha moja.

FUNDI: Kimekufa?

MAMA: Hakijafa. Nikikibonyeza kinapiga mlio sikioni mwangu. Ila huko unakokwenda mlio haufiki. Nimekibonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Nimekibonyeza kwa kidole gumba, kwa kijiko, kwa... Mwanangu, wenzangu wa maombi walikuja wakakiwekea mikono. Tukakipaka mafuta.

FUNDI: Mafuta ya nini?

MAMA: Ya maombi.

FUNDI: Mengi?

MAMA: Tone. Labda matatu.

FUNDI: (anavuta pumzi) Haya. Mafuta si tatizo, mradi hayajaingia ndani. Niambie, hiyo moja huwa unaibonyeza kwa ajili gani?

MAMA: Kuna simu hunijia kila Jumatano saa nne. Yaani leo, sasa hivi, bado kidogo tu. Nikipokea, mashine ndiyo huanza kuongea. Inasema bonyeza moja kukubali. Nabonyeza. Inarudia. Nabonyeza tena. Halafu inasema, umekataa simu hii, asante, inakata.

FUNDI: Mashine ya wapi, mama? Benki?

MAMA: Ya kule aliko mwanangu.

FUNDI: Hospitali?

MAMA: (mvua inasikika juu ya bati) Gerezani. Nimeshasema. Gerezani.

FUNDI: Ooh. Pole, mama.

MAMA: Zamani ilikuwa inaunganisha vizuri. Wiki ya juzi ikakata. Wiki iliyopita ikakata. Nilipouliza, wakaniambia wana utaratibu wao: namba ikikataa mara tatu mfululizo inafutwa, hawezi kuipiga tena. Leo ndiyo ya tatu.

FUNDI: Si angepiga hii ya mkononi?

MAMA: Wanaruhusu ile moja tu iliyoandikishwa siku anaingia. Kubadilisha ni maombi, ni mihuri, ni miezi. Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Yeye kule akipiga, unajua anaambiwa nini?

FUNDI: Nini?

MAMA: Anaambiwa, uliyempigia amekataa. Siyo kitufe kimekataa. Siyo mtandao. Mama yako amekataa. Kuna mwenzangu mtoto wake yuko kule kule, alikwenda kumwona, akaniletea salamu. Nikauliza, kasemaje? Akaniambia, kasema, mwambieni mama nimeelewa.

FUNDI: (kimya)

MAMA: Nimeelewa. Basi. Haloo? Umekatika?

FUNDI: Nipo, mama. Nipo. Kwenda kumwona wewe mwenyewe...?

MAMA: Nyonga yangu hii, mwanangu. Kutoka kitandani hadi mlangoni naomba dua njia nzima. Safari ile siiwezi tena.

FUNDI: Na mzee? Yupo?

MAMA: Turudi kwenye kitufe.

FUNDI: Sawa. Turudi kwenye kitufe. Hiyo adapta tuliifunga sisi?

MAMA: Hapana, ya dukani. Mzee wangu aliinunua kwa jamaa mmoja wa spea.

FUNDI: Ndiyo maana siioni kutoka hapa. Sasa sikiliza. Nitaipigia hiyo ya mezani kwa laini yangu ya pili. Pokea, bonyeza moja, nisikie inafikaje. Hii ya mkononi usiikate.

MAMA: (simu ya mezani inalia) Haya, nimepokea. Nabonyeza. Moja. Moja. Moja.

FUNDI: Mmh.

MAMA: Mmh ndiyo nini?

FUNDI: Nimeusikia. Umekwaruza kama kuku aliyekabwa shingo. Weka chini hiyo. Mama, kuna mtu amewasha kubana sauti kwenye kifaa chako. Ni njia ya kuokoa bando, inapunguza kile kinachosafiri.

MAMA: Na kubana kuna ubaya gani? Sauti si nasikia?

FUNDI: Sauti ya mtu ni kama nguo. Ukiibana ndani ya sanduku ikifika imekunjamana, lakini ni nguo, mtu atavaa. Mlio wa kitufe ni kama yai. Nao umetiwa sanduku lile lile.

MAMA: Umepasuka.

FUNDI: Umepasuka. Kwa hiyo mashine ya kule inasubiri yai, inapokea maganda.

MAMA: (taratibu) Kuna mtu amewasha, umesema?

FUNDI: Hakujiwashi kwenyewe.

MAMA: Nilijua. Mungu shahidi yangu, nilijua.

FUNDI: Ulijua nini?

MAMA: Kwamba kuna mkono uliogusa pale. Nilimwambia usoni, umekigusa. Hakujibu. Akaondoka na ufagio wake.

FUNDI: Nani, mama?

MAMA: Mwenye nyumba hii. Siku ile ya hukumu alisema mbele za watu kwamba hatatia mguu kule, na kwamba yeye mtoto huyo hana tena. Kijana alikosa, sikatai. Alitoa mali usiku kwenye stoo ya baba yake mdogo, na baba yake ndiye aliyemdhamini kupata kazi pale. Aibu ilimwingia mzee mpaka kwenye mifupa. Lakini mwana akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Sasa kila Jumatano ikikaribia saa nne anatoka kufagia uwanja, asije akaambiwa shika ongea naye. Mimi nikisikia ule ufagio...

FUNDI: Na leo mvua.

MAMA: Leo mvua. Amesimama tu barazani, ameushika.

FUNDI: Mama, hapo kuna mambo yenu, sitaki kuyaingilia. Mimi nataka tufungue ukurasa wa kifaa. Una simu nyingine, ya kisasa?

MAMA: Ipo ya mzee, iko kwenye chaji hapa.

FUNDI: Ishike. Fungua pale pa intaneti. Juu, pa kuandikia, weka namba zilizo kwenye karatasi chini ya adapta. Zina nukta nukta.

MAMA: Subiri nivae miwani. (sauti ya vitu vikisogezwa) Moja tisa mbili, nukta... huu mtandao wako unakoroma... nukta, moja sita nane... Haya. Inazunguka. Imefunguka. Inataka neno la siri.

FUNDI: Liweke.

MAMA: Sinalo.

FUNDI: Analo nani?

MAMA: (kimya)

FUNDI: Mama?

MAMA: Hatuzungumzi, mwanangu. Tangu ile Jumatano ya kwanza simu kukata. Chakula namwekea mezani, shati namkunjia, lakini mdomo wangu haujamwambia hata pole.

FUNDI: Muulize neno la siri tu. Hayo mengine yabaki.

MAMA: Hakuna njia nyingine? Nyie mafundi hamkosi mlango wa nyuma.

FUNDI: Upo. Kuna kitundu, ukichomeka pini kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Lakini kitasahau na namba yenu. Kukiandikisha upya ni kazi ya kutwa, na hiyo saa nne itatupita tunaitazama.

MAMA: (anavuta pumzi ndefu) Ee Mungu wangu. Wewe nawe huwa unanipitisha njia zile zile ninazozikwepa.

FUNDI: Kidole kimoja hakivunji chawa, mama.

MAMA: Unanichekesha na mimi sitaki kucheka. Shikilia. Usikate.

FUNDI: Sikati.

(Hatua za polepole, fimbo inagonga sakafu. Mlango. Mvua inasikika zaidi. Sauti mbili kwa mbali, hazieleweki.)

FUNDI: Haloo? (peke yake) Ee Bwana, huyu mama.

(Hatua zinarudi, safari hii za watu wawili.)

MAMA: Haloo, upo?

FUNDI: Nipo. Amekupa?

MAMA: Nimemwambia, baba, natafuta neno la siri la kidude. Kasema, hatimaye umesema. Nikamwambia, usianze. Kasema, sianzi, nimechoka hata mimi. Kaja nalo mwenyewe, huyu hapa, anaandika; hii ya mkononi nimeiweka spika. Ni ile simu yake, anajua inavyomtii.

MZEE: Haloo, fundi.

FUNDI: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba. Nimeingia. Nielekeze.

FUNDI: Nenda kwenye laini ya kwanza. Shuka chini. Kuna mahali pana herufi nne kubwa: D, T, M, F. Hapo ndipo wanapouliza namba za vitufe zisafiri vipi.

MZEE: Napaona. Pamechaguliwa neno linaloanza na I.

FUNDI: Hilo maana yake ndani ya sauti. Sasa sauti ikibanwa, na namba inabanwa nayo. Badilisha, chagua lile la pili, ili namba ipite pembeni, kwenye njia yake peke yake. Hapo hata mkiendelea kuokoa bando, kitufe hakitaguswa.

MZEE: Kumbe kule kuokoa bando ndiko kulikoharibu?

FUNDI: Ndiko, mzee. Peke yake si kosa. Ila vifaa hivi ni vitatu: chenu cha kiwanda kingine, laini yetu, na mashine ya gereza ya watu wengine kabisa. Visipopatana mapema namba zipite njia gani, kila kimoja kinaongea lugha yake.

MZEE: Mimi ndiye niliyewasha.

MAMA: Fundi, umesikia kwa masikio yako.

MZEE: Niache niseme, mama watoto. Fundi, huyu anaomba na wenzake kwa simu ya mezani, kila alfajiri. Bando likawa linakatika maombi yakiwa katikati. Wenzake wanapotea, yeye anabaki na simu sikioni, anamalizia peke yake kwa sauti ya chini. Nilikuwa namsikia. Nikaenda kwa yule jamaa wa spea, nikamwuliza, nifanyeje mke wangu asikatwe? Akanionyesha pa kuwasha. Sikujua habari za kitufe.

MAMA: Kwa nini hukusema?

MZEE: Hukuniuliza. Uliniambia umekigusa, na kweli nilikuwa nimekigusa.

MAMA: Na hayo maombi... ulikuwa unasikia ninachoomba?

MZEE: Ukuta wa chumba hiki ni mwembamba.

(Mtandao unakwaruza.)

FUNDI: Samahani wazee wangu, saa nne inakaribia. Umehifadhi, mzee?

MZEE: Nimehifadhi.

FUNDI: Napiga ile ya mezani. Mama, pokea, bonyeza moja.

MAMA: (simu inalia) Nabonyeza. Moja.

FUNDI: Tena.

MAMA: Moja.

FUNDI: Hakuna.

MAMA: Hakuna vipi?

FUNDI: Sasa hata kukwaruza hakuna. Mlio umetoka ndani ya sauti, umekwenda njia ya pembeni, na sisi huku hatuuoni. Subiri. Subiri kidogo nifikiri, kichwa changu kimelala kabla yangu.

MAMA: Ee Mungu.

FUNDI: Mzee, chini ya pale ulipobadilisha kuna kisanduku kina namba?

MZEE: Kipo. Tisini na sita.

FUNDI: Hapo! Njia ya pembeni ina namba yake, kama namba ya mlango. Kifaa chenu kinapeleka mlango wa tisini na sita, sisi tunasubiri kwenye mlango wa mia moja na moja. Futa, andika mia moja na moja. Hifadhi, halafu kizime na kukiwasha.

MZEE: Mia... moja... na moja. Nimehifadhi. Nazima.

MAMA: Taa zimezima zote.

FUNDI: Zitarudi. Usiguse.

MAMA: Siigusi. Nyekundu inapepesa. Fundi, yule akipiga sasa na imezima?

FUNDI: Omba mama. Huo ndio upande wako.

MAMA: Naomba tangu ulipokuwa unasema habari ya mawingu. (kimya) Kijani. Imekuwa kijani!

FUNDI: Napiga. Pokea. Bonyeza.

MAMA: Moja.

FUNDI: (kimya)

MAMA: Fundi?

FUNDI: Imefika. Moja. Safi, nzima, haijapasuka. Bonyeza tano. Tano hiyo. Nyota. Nyota hiyo. Weka chini mama, weka chini haraka, muachie nafasi.

MAMA: Mungu akuzidishie. Sijui nikuambie nini.

FUNDI: Nikate sasa? Yatakayofuata ni ya kwenu.

MAMA: Usikate. Kikishindwa nitamlilia nani? Nitaziweka hizi simu mbili uso kwa uso, wewe usikilize kama kinapita. Ila salio langu limeanza kulia lia, likikatika ujue si mimi.

FUNDI: Sawa. Nakaa kimya.

MAMA: Baba, unakwenda wapi?

MZEE: Natoka.

MAMA: Kufagia mvua? Kaa. Sikulazimishi kuongea. Kaa tu.

(Simu ya mezani inalia. Inalia mara ya pili.)

FUNDI: Pokea, mama.

MASHINE: Una simu kutoka kwa mfungwa. Kukubali, bonyeza moja. Kukataa, bonyeza mbili, au kata simu.

MAMA: Kinateleza. Haya mafuta... Bwana Mungu wangu... moja.

(Kimya.)

MASHINE: Asante. Unaunganishwa.

KIJANA: ...Haloo?

MAMA: Mwanangu.

KIJANA: Mama? Umepokea?

MAMA: Nimepokea. Na zile mbili nilipokea. Sikukataa, mwanangu. Ni kidude. Kilikuwa hakipitishi namba, nimebonyeza mpaka kidole kikauma. Sikukataa hata siku moja. Usielewe tena hivyo ulivyoelewa.

KIJANA: (anasikika akipumua)

MAMA: Unakula? Kile kikohozi?

KIJANA: Kimepungua. Mama, ni nani huyo anayekohoa hapo?

MAMA: Baba yako.

(Mvua.)

KIJANA: Leo hafagii?

MAMA: Ulijua?

KIJANA: Nilikuwa nausikia ufagio, mama. Kila Jumatano. Nilikuwa nasema, angalau yuko nyumbani.

(Kiti kinasogezwa.)

MZEE: Nipe hiyo. Siyo hiyo, ile ya mkononi kwanza. Haloo, fundi, bado upo?

FUNDI: Nipo, mzee. Nilikuwa nataka kukata—

MZEE: Usikate. Ile mashine yenu ya kurekodi, bado inafanya kazi?

FUNDI: Inafanya kazi. Tangu yale mawingu.

MZEE: Basi iache. (anashika na ile ya mezani) Kijana, unanisikia?

KIJANA: Nakusikia, baba.

MZEE: Siku ile ya hukumu nilisema neno mbele za watu, kwa hiyo siwezi kulifuta chumbani. Hapa yupo mama yako. Yupo fundi, simjui jina wala sura, lakini ametuhangaikia na usingizi wake. Na kuna mashine inaandika. Hao ndio mashahidi nilionao.

FUNDI: Nimesikia, mzee. Salio lenu lina—

MZEE: Jumapili ya kutembelewa nitakuja. Nilisema sitatia mguu huko, nitautia. Nitakaa nawe mpaka watakaponiambia ondoka. Na kama kutakuwa na mvua, nitakuja na mvua.